Kiuno Changu Ukutani

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Somoe, wanawake walianza kucheka. Aliyewahi kukaa msibani Lindi anajua saa ambayo jambo hilo hutokea: kilio kimepungua, masufuria yameoshwa na kufudikizwa uani, chai ya tangawizi inazunguka, na mtu mmoja anakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akigombana na wauza samaki hadi wanampa wa bure ili aondoke. Mimi nilikuwa nimefika na basi kutoka Dar es Salaam, nimekaa ukingoni mwa mkeka, nimejifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Mwanamke mmoja wa umri wangu alinitazama kwa muda, kisha akamgusa mwenzake goti. "Si ndiye huyu? Ndiye aliyeanikwa kiuno kwa Alhaji." Wakageuka wote. Mmoja alijikaza, akashindwa, akacheka ndani ya mtandio. Mwingine akasimulia tangu mwanzo kwa ajili ya wasichana wasiojua, na alisimulia vizuri, na aliongeza mambo ambayo hayakutokea. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Ni zaidi ya nusu ya umri wangu imepita tangu mwaka ule, nami sasa ninafundisha vijana kupiga picha za CT, wananiita mama. Lakini katika hadithi yao, ambayo inaelekea itaishi kuliko mimi, hamna mwanamke wa Nyangamara. Wao wanakumbuka shanga tu. Ndiyo maana naandika sura hii.

Ilikuwa ile miaka soko huria lilipofika mpaka kwetu kusini. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefungwa makufuli yaliyoota kutu, wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao wenyewe, na watu waliokuwa wakiuza chumvi kwa kibaba sasa walikuwa na vyumba vya kupokelea wageni. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, somo la fizikia, na serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Chuoni niliuliza kama Mungu yuko, nikauliza kama ujamaa ulikuwepo, na nyumbani niliuliza kwa nini mtu mgonjwa afungwe uzi mweusi mkononi. Sikumwachia mtu nafasi ya kunijibu. Basi nilipoambiwa kwamba mfanyabiashara mmoja wa Lindi, ambaye watu wote walimwita Alhaji, amefungua hospitali ya binafsi na amenunua ng'ambo mashine kuukuu ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili, nilimwendea. Alinikuta nimekaa dukani kwake anakouza saruji.

"Unaijua mashine hii?" akaniuliza.

"Sijawahi kuiona."

"Mimi nimeinunua na sijui inafanyaje. Basi tuko sawa. Lakini wewe ni msomi, utaisoma."

Nikaanza kazi kesho yake.

Mashine ilikuwa imewekwa katika jengo lililokuwa ghala la korosho. Kuta zilipakwa rangi nyeupe, sakafu ikawekwa vigae, mlango ukavishwa bamba la risasi la kuzuia mionzi, lakini asubuhi ukifungua, harufu ya mafuta ya maganda ya korosho ilikuwa inakungoja ndani. Katikati ya chumba lilisimama lile duara kubwa lenye tundu, na mbele yake kitanda chembamba kinachoingia na kutoka. Mji mzima ulisema "kuingizwa tunduni". Nyuma ya kioo alikaa Gervas, fundi mitambo, Mmakonde wa Newala aliyekuja na mashine kutoka bandarini na kwa sababu zake mwenyewe hakurudi Dar es Salaam. Yeye alijua nyaya. Mimi nilitakiwa kujua picha. Muuguzi alikuwa Bi Somoe, mjane, mnene wa mikono, sauti ya kukwaruza, na kwa kuwa alikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu, nikapanga kwake. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama jiko. Nililala na harufu ya moshi wa vifuu. Tulikula pamoja, yeye na mimi, ugali wa muhogo na kisamvu, na msimu ukifika mizizi ya porini iitwayo ming'oko, ya kuchemsha, ambayo alinimenyea mwenyewe kwa sababu, alisema, msomi humenya na kutupa chakula chote pamoja na ganda.

Tatizo letu lilikuwa matumbo. Vichwa vilitoka vizuri. Kifua kiliridhisha. Lakini tumbo lilitoka kama uji uliomwagika, na hatukuona ini linaishia wapi na utumbo unaanzia wapi. Kila baada ya majuma kadhaa daktari wa upasuaji alikuja kwa siku mbili kutoka mbali, akazitundika filamu zetu kwenye sanduku la taa, akasogeza miwani. Mara moja, kwa kuamini doa alilodhani ni uvimbe, alimpasua mzee wa Rondo na kukuta utumbo uliojaa chakula, basi. Mzee alishonwa, akarudi Rondo na kovu la bure, na daktari akaniambia bila hasira, jambo ambalo liliniuma zaidi, "Binti, picha mbaya ni afadhali isiwepo. Isipokuwepo, nafikiri."

Nikaanza kuuliza maswali kwa mashine. Kitabu chake kilikuwa na vipimo vilivyokwishapangwa, nami nilijiuliza vilipangwa kwa nani. Mwishowe nikaelewa. Katika picha ya tumbo, mafuta ndiyo yanayochora mipaka. Ukanda mweusi wa mafuta kati ya figo na utumbo, kati ya kongosho na mshipa, ndio unaomwambia mtu huku ni huku na kule ni kule. Alhaji mwenyewe, alipojitolea kupigwa ili aone faida ya fedha yake, alitoka vizuri mno, kila kiungo kimekaa peke yake kama sahani kabatini. Lakini wakulima walioshuka kutoka Likawage na Rondo hawakuwa na mafuta ya kuchora kitu. Viungo vyao vilibanana. Watu waliotengeneza mashine hawakufikiria tumbo la namna hiyo. Nilimweleza Gervas, naye akasema, "Kwa hiyo maskini hata picha hatoki." Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Tulijaribu kwa njia zetu. Tulijaza maji katika dumu la mafuta ya kula, tukatumbukiza figo za mbuzi kutoka buchani, tukalipitisha dumu tunduni tukibadili nguvu ya mionzi na unene wa vipande vya picha mpaka figo zikaonekana. Nikajifunza kwamba kwa tumbo jembamba nguvu ndogo huonyesha tofauti zaidi kuliko nguvu kubwa. Nikaacha kumnywesha mgonjwa kwa mkupuo ile dawa nyeupe inayoufanya utumbo uonekane pichani. Nilimpa kikombe baada ya kikombe kwa saa nzima, na cha mwisho akishapanda kitandani, ili utumbo wote uwake na usijifanye uvimbe. Bi Somoe aliichanganya na maji ya ukwaju ili watu wasiitapike. Na kulikuwa na suala la pumzi. Mashine yetu ilikata kipande kimoja, ikapumzika, ikakata kingine, na kitabu kilisema mgonjwa avute pumzi na kuishika kila mara. Lakini mtu akiambiwa vuta, mara anavuta nyingi, mara anavuta kidogo, na ini hupanda na kushuka nayo. Kipande kimoja kikakosa kabisa kitu ambacho kilikuwa pale. Nikajiuliza: na akitoa pumzi je? Mapafu yakiishiwa hewa hurudi mahali palepale. Dumu halikuweza kunijibu hilo, kwa kuwa dumu halipumui.

Hapo nilikuwa nimekwisha kuandika kanuni zangu na kuzibandika mlangoni. Moja ilisema mgonjwa avue kila kitu kiunoni: mkanda, hirizi, na shanga. Hirizi zilikuwa na vipande vya bati au risasi ndani na zilirusha miali myeupe katika picha. Shanga za kioo hazikuharibu sana, kwa kweli. Zilitokea kama vitone vyeupe nje ya ngozi. Lakini nilikuwa nimeapa kusafisha kila kitu. Bi Somoe alisoma karatasi, akasimama.

"Hilo la shanga futa."

"Kwa nini?"

"Mwanamke wa huku shanga zake hazivui mbele za mtu. Kafungwa na somo wake, anazijua yeye na mumewe. Wewe unyago hukuchezwa?"

"Nilichezwa. Ni mambo ya kizamani, Bi Somoe. Kipande cha uzi kina siri gani?"

Alinitazama kiunoni, mara moja tu. Kwa sababu nami nilikuwa nazo. Nilifungwa nikiwa msichana, chumba cha giza chenye harufu ya udi, nikaenda nazo shuleni, nikaenda nazo chuo kikuu, nikabishana hadharani juu ya Mungu huku zikinigusa ngozi chini ya sketi. Kwa nini sikuzitoa? Niliuliza kila kitu duniani isipokuwa hilo. Kanuni haikufutwa. Wanawake waliingia nyuma ya pazia na Bi Somoe, wakatoka wameshika khanga kwa mikono miwili, hawanitazami, na nilisema "asante mama, panda kitandani" kama ninayepanga masanduku.

Siku niliyomwambia Gervas "nipige mimi," ilikuwa mchana, hapakuwa na mgonjwa, na jenereta lilikuwa limekwisha kuwashwa kwa ajili ya mtu aliyeghairi. Leo nawaambia wanafunzi wangu kwamba anayejipiga mionzi bila ugonjwa anastahili kufukuzwa kazi, na namaanisha. Wakati ule niliona ni ushujaa. Nilikuwa mwembamba kama wagonjwa wetu, nilifaa. Nikanywa vikombe vyangu vya ukwaju. Nikaenda nyuma ya pazia kubadili nguo, na pale nikasimama. Bi Somoe alikuwa ameenda sokoni. Gervas alikuwa nyuma ya kioo, anapiga mluzi. Kuzifungua peke yangu ningechukua muda, fundo lilikuwa la miaka mingi, na ningetoka nimezishika mkononi, Gervas azione. Nikajiambia ziko chini, nyongani, hazitagusa ini. Nikapanda kitandani nazo. Nikatoa pumzi nilipoambiwa, nikatulia kifua kikiwa kitupu, nikasikia duara likizunguka, nikapumua, nikatoa tena.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupata. Ini lilikaa palepale kipande kwa kipande. Kongosho, ambalo hatukuwahi kuliona kwa mtu mwembamba, lilikuwa limelala pale kama jani. Gervas alipiga meza. Na katika ile picha ya kwanza ya kupimia, inayoonyesha mwili mzima kutoka kifuani hadi mapajani, mistari ya vitone vyeupe ilinizunguka nyonga, imepangika vizuri, yenye kuning'inia kidogo upande wa kushoto. Gervas aliiona. Alisogeza jicho haraka kwenda kwenye kongosho. Hata leo namshukuru kwa hilo.

Alhaji ndiye aliyeitundika. Nilikuwa nimempelekea filamu ili aone kazi imefanikiwa, nikamweleza kuhusu pumzi na mafuta na nguvu ya mionzi, naye alielewa jambo moja: kwamba hatimaye ana kitu cha kuwaonyesha watu. Nilipofika asubuhi, sanduku la taa lilikuwa limehamishiwa ukumbi wa mapokezi, juu ya benchi la wagonjwa, na mimi nilikuwa ndani yake ninawaka. Kila kipande, na ile ya kupimia katikati. Pembeni, kwa herufi nyeupe ambazo mashine ilizichapa yenyewe, jina langu na la baba yangu. Chini Alhaji alikuwa amebandika kadi: TUNAONA MPAKA NDANI.

"Alhaji, naomba uitoe hiyo."

"Kwa nini? Si umesema ni nzuri?"

"Ni mimi."

"Ndiyo vizuri. Watu watasema, hata daktari wao kaingia. Wasiogope."

Sikuweza kumwambia neno shanga mwanamume wa umri wa baba yangu. Nilijaribu. Nilikuwa mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Nikaingia ndani na kufunga mlango wa risasi.

Kufikia mchana walikuja watu wasioumwa. Wanaume walisimama mbele ya sanduku wakajifanya wanatazama mbavu. Ukuta kati ya chumba changu na mapokezi ulikuwa wa mbao, na wanawake waliokaa benchini hawakujua kwamba nawasikia, au walijua.

"Zile nini zile?"

"Huzijui? Unazo zako."

"Si alituambia tuvue? Juzi mama yangu kavuliwa hapo nyuma ya pazia, karudi nyumbani hakuongea siku nzima."

"Sisi tunavuliwa. Yeye kazivaa."

"Na mume hana. Sasa anamvalia nani, fundi?"

Wakacheka. Pigo halikuwa lile la fundi. Lilikuwa lile la kabla yake. Walikuwa wamesema kweli kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi kubandika kanuni yangu, na kila mama niliyemvua alinirudia mbele ya macho, na mikono yake miwili kwenye khanga. Nilipitia mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani, nikamwambia Bi Somoe nina malaria.

Nililala majuma mawili. Sikuwa na homa. Niligeukia ukuta, nikazikata zile shanga kwa mkasi wa kushonea nguo, zikatawanyika chini ya kitanda, na sikupata nafuu yoyote. Bi Somoe alileta uji, akaweka, akaondoka. Siku moja hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda na akaanza kufagia zile shanga kwa kiganja chake, taratibu, huku anazungumza kama anayemwambia sakafu.

"Leo alikuja mama mmoja, Bi Hadija, wa Nyangamara. Tumboni ana kitu, hapa chini ya mbavu, unakishika kwa mkono. Daktari wa upasuaji yuko, anaondoka kesho. Kasema nipatieni picha nzuri, kama hakijashika mshipa mkubwa nitakitoa. Nikampa ukwaju kikombe cha kwanza. Kakaa benchini anakunywa, anatazama juu. Akaniuliza huyu ni nani. Wenzake wakamwambia kabla yangu."

"Halafu?"

"Akaweka kikombe chini. Akasema, 'Mimi kiuno changu kisije kikaanikwa.' Nikamwambia atapigwa na mwanamke mwenzake. Akasema, 'Yuko wapi?' Nikasema anaumwa." Bi Somoe alizimimina shanga ndani ya kikombe kitupu cha uji. "Unaumwa nini, Rukia?"

Hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote alisema mwanangu, au akinichoka, msomi.

"Nitakuja kesho," nikasema.

"Kesho atakuwa kashapanda gari la mizigo kurudi kwao."

Ningeweza kuinuka palepale. Stendi ya magari ya Nyangamara haikuwa mbali, na gari la mizigo haliondoki mpaka lijae. Nilifikiria kupita mapokezi, kupita mitaa, macho ya watu kwenye nyonga zangu. Nikasema tena, "Kesho." Nilijiambia kwamba daktari atarudi, na mama yule atarudi, maumivu yatamrudisha. Nilijua vizuri sana namna ya kuuliza maswali kuhusu watu wengine. Kesho yake nikaenda kazini kupitia mlango wa nyuma, na juma lililofuata mvua za masika zikaanza, barabara ya bara ikakatika.

Picha ilitoka ukutani, lakini si kwa ujasiri wangu. Mke mdogo wa Alhaji alishikwa na maumivu ya tumbo na akakataa katakata kuingia tunduni. "Niangikwe na mimi, watu wa Mtwara waje kuniona?" Jenereta lilikuwa linanguruma, daktari anasubiri, Alhaji amesimama mbele ya mke wake katika mapokezi yake mwenyewe, na watu wanatazama. Akatoa filamu kwa mkono wake, akanipa bila kunitazama. Nami nikabandua kanuni yangu mlangoni, nikaandika nyingine: hirizi zitolewe, shanga zibaki. Wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Hawakunisamehe, waliniona nimefanana nao zaidi, nadhani, na hilo liliwatosha. Picha zao zilitoka vizuri. Daktari alizisoma bila kusogeza miwani, na mara mbili alisema hapana haja ya kupasua, na watu wakaenda nyumbani wazima.

Barabara ilipokauka nikapanda gari la mizigo kwenda Nyangamara, na Bi Somoe akafuatana nami bila kualikwa. Tulimkuta Bi Hadija ameketi barazani anapeta ufuta, ungo umeegemea tumbo ambalo sasa lilionekana hata kwa mbali. Alikuwa amekonda usoni. Mumewe alitoka ndani, akatuwekea kigoda na mkeka, akarudi ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinipima na macho. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani mkubwa. Kule ukutani ulikuwa mkubwa." Akapeta kidogo. "Wameitoa?"

"Imetolewa. Na sasa hakuna anayevuliwa. Utaingia na zako, na Bi Somoe atakufunika. Picha hakuna atakayeiona ila daktari."

"Na zako bado unazo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na lingemleta. "Nilizikata," nikasema.

Aliacha kupeta. "Kwa sababu ya maneno ya watu?"

"Ndiyo."

"Mimi maneno ya watu yalinirudisha nyumbani na ugonjwa wangu. Basi tumekuwa wawili." Hakutabasamu, lakini Bi Somoe aliguna, na Bi Hadija akamgeukia. "Ukwaju wenu mtautia sukari? Ule wa kwanza ulikuwa mchungu kama mwarobaini."

Tukamleta Lindi, yeye na mumewe, kwenye lori lilelile. Nilimnywesha vikombe kwa saa nzima, na Bi Somoe aliweka sukari. Kwenye kitanda nilimfundisha pumzi kwa kumwekea mkono wangu tumboni: toa, tulia, usipumue, sasa pumua. Alielewa mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba sana, hana mafuta hata kidogo, tumbo gumu kuliko yote niliyowahi kuyapiga picha, na kila nilichojifunza mwaka ule kilifanya kazi. Kipande baada ya kipande, hakuna kilichotetema. Uvimbe ulionekana wote, ukingo wake, umbo lake, na mahali ulipoukumbatia mshipa mkubwa pande zote, kama mkono ulioshika mpini.

Daktari aliitazama kwa muda mrefu. "Hii ndiyo picha," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka." Kisha akanionyesha kwa kalamu mahali penyewe, na akasema kwamba kabla ya masika, kwa alivyokuwa ameukanda kwa vidole, pengine hapa palikuwa bado na nafasi ya kupitisha kisu. Pengine. Alikuwa mtu mwangalifu wa maneno na hakutaka kunilaumu, kwa kuwa hakujua kuna la kunilaumu. Akatoka kwenda kuzungumza na mume wa Bi Hadija kwenye ukumbi wa nje. Niliwaona kupitia dirishani. Mume alivua kofia, akaishika, akaivaa tena.

Nilirudi kwa Bi Hadija nyuma ya pazia. Bi Somoe alikuwa amekwenda kumletea chai. Bi Hadija alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, khanga imefungwa kifuani, na uzi mmoja wa shanga ulikuwa umefunguka alipokuwa anajigeuza. Alikuwa anajaribu kuufunga kwa nyuma, na tumbo halikumruhusu kuzungusha mikono.

"Umeona?" akaniuliza.

"Daktari anazungumza na mzee. Atakueleza."

"Nimekuuliza wewe kama umeona."

"Nimeona."

Alinitazama usoni kwa kituo. Mimi, ambaye nilikuwa nimedai ukweli kwa kila mtu, walimu, mashehe na mapadri, nilitazama vigae. Hakuuliza swali la pili. Akageuka, akanipa mgongo, akanishikisha ncha mbili za uzi.

"Nifungie, mwanangu. Mikono haifiki."

Vidole vyangu vililijua lile fundo. Sikuwa nimelifunga tangu usichana, lakini vililijua, moja juu, moja ndani, vuta. Ngozi yake ilikuwa na joto na ilinukia ukwaju. Niliogopa kumuumiza, nikalifunga kwa upole.

"Kaza," akasema. "Atakayezifungua tena ni atakayeniosha."

Nikakaza.